Bi Ng'onda na Rundo la Mabuibui

Goti langu la kulia lilistaafu kabla yangu. Nililibembeleza mwezi mzima, likanijibu uwanjani mbele ya watu, na sasa tumekaa barazani sote wawili, lenyewe limefungwa bendeji na mimi nimebebeshwa daftari hili. Wadogo zangu wa timu, ninyi ndio mliolileta. Mmetaka niandike niliyoyaona tangu nilipoanza mpira wa kikapu hadi siku niliyotolewa uwanjani nikiwa nimemwegemea mtu. Nina miaka ishirini na sita. Katika kazi nyengine ningekuwa bado natumwa chai. Katika kazi yetu mimi ni bikizee, na nitaandika kama bikizee, polepole, na atakayenikatiza nitamkodolea macho.

Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyeo sikupata, na mshahara nililipwa kwa kazi nisiyoifanya. Kwenye majalada ya ofisi mimi ni mpiga taipu. Kwa miaka yote hiyo nimetaipu barua mbili, na moja ilirudishwa imejaa wino mwekundu. Kazi niliyoajiriwa hasa ilikuwa kurusha mpira, kuudaka, na kumzuia mwanamke mwengine asifanye hayo hayo.

Mwaka wa Mapinduzi nilikuwa na miaka kumi na saba, nacheza netiboli skuli. Miaka miwili baadaye maofisi ya mjini yakaingiwa na homa ya michezo. Kila mkuu wa ofisi alitaka timu ya wanawake, kwa sababu ofisi ya jirani inayo. Nilipokwenda kuomba kazi, mkuu wetu, mtu mfupi mwenye miwani, hakunitazama usoni. Alitazama juu ya kabati.

"Lile faili kule juu, unalifikia?"

Nikanyoosha mkono nikalishusha.

"Umepata kazi, binti."

Hakuniuliza kama najua kutaipu, nami sikuona sababu ya kumharibia furaha yake.

Tatizo langu halikuwa ofisini. Lilikuwa nyumbani, Mkunazini, ghorofa ya pili, limekaa mbele ya chetezo likifukiza udi. Namsema shangazi yangu, Bi Kazija, dada wa baba. Wazazi wangu walifariki nikiwa na miaka minne, akanichukua yeye, akanilea peke yake, mjane asiye na mtoto. Kazi yake ilikuwa kuchanganya udi wa maharusi. Watu walitoka Ng'ambo, Jang'ombe, hata Tunguu, kuja kuuagiza. Yeye mwenyewe hakuwa akitoka nje bila kujifukiza, hata akienda kununua chumvi dukani chini ya nyumba. Aliamini kwamba mtu asiyenukia hajamaliza kuvaa.

Basi mwanamke huyo nitamwambiaje kwamba jioni nnavaa bukta, nnakimbia mbele za watu na kutoka jasho? Nilimwambia nimeajiriwa kutaipu, na hilo lilikuwa kweli. Halafu nikamwambia kwamba siku tatu kwa wiki, baada ya alasiri, ofisi imetufungulia darasa la taipu mpaka magharibi. Hilo nililibuni pale pale mlangoni, nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Kipigo sikukiogopa, nilishakizoea. Nilichoogopa ni aseme hana radhi nami. Sikuwa na mzazi mwengine wa kumkimbilia.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Makame, baharia wa zamani aliyejifunza kikapu bandarini, nchi za mbali, wakati meli yake ikipakia mizigo. Alitufundisha kwa mkeka. Kabla ya mazoezi aliutandika kando ya uwanja wa sementi, akamwaga karafuu tano, hizo ndizo sisi, na kokwa tano za ukwaju, hao ndio wapinzani. Alizisogeza kwa kidole, akaeleza nani akimbilie wapi. Mimi nilikuwa karafuu iliyovunjika kichwa. Siku ya upepo timu nzima ilipeperuka, ikabidi tuanze upya.

Siku ya kwanza sitaisahau. Sote tulitoka netiboli, na katika netiboli ukidaka mpira husogei. Basi Makame alipompa mpira mwenzetu Rukia, Rukia akaudaka, akasimama kama nguzo. Akanipa mimi, nikasimama. Nikampa wa tatu, akasimama.

"Mbona mmeganda?" Makame akapiga kelele. "Kuna mtu anakupigeni picha? Kimbieni!"

Kukimbia tulijifunza. Adabu ndiyo ilikuwa kazi kuitoa. Katika netiboli anayetaka kufunga humsogelei, unampa nafasi yake. Katika mechi yetu ya kwanza tuliwapa wapinzani nafasi kwa heshima zote. Rukia, ambaye baadaye viwiko vyake vilikuja kuogopwa mji mzima, siku ile alimpisha mtu kama anampisha mgeni mlangoni. Tulifungwa mpaka refa akatuonea huruma. Makame alikusanya karafuu zake moja moja, akazitia mfukoni, akaenda zake.

Na pete yetu ya kufungia, ngoja niwaambie. Fundi aliyeifua alitumwa apime, akaenda kupima pete ya netiboli ya skuli, ambayo ni ndogo. Hakuna aliyejua. Tukajifunza kufunga kwenye pete ile, tukilaumu macho yetu. Ninyi mnaolalamika leo kwamba wavu umechanika, nyamazeni.

Nikiwa bado kwenye mafunzo, shikeni haya. Kucha zikatwe, hata kama kesho kuna harusi. Urojo usiliwe kabla ya mechi, utarudi kukusalimia. Na anayepakwa hina asije uwanjani ikiwa mbichi. Rukia alikuja siku moja na mikono yote miwili imezungushiwa vitambaa, akacheza kipindi kizima kwa viwiko tu. Ndipo vilipoanzia viwiko vile.

Sasa nakuja kwenye mabuibui, kwa sababu humo ndimo mlimo na kazi yangu yote.

Tulifika uwanjani tumevaa mabuibui juu ya bukta na fulana. Tukifika tunayavua, tunayarundika kando ya mstari. Mabuibui kumi na mawili, yote meusi, yote mapya kidogo na yote makuukuu kidogo. Adhana ya magharibi ikikaribia kila mtu analivamia rundo, anachota la kwanza analolishika, anakimbia. Kwa macho huwezi kuyatambua. Kwa pua unaweza, maana kila nyumba ina udi wake, lakini nani ananusa wakati amechelewa?

Jioni moja niliingia ndani, nikamwamkia shangazi, akaitikia, kisha akanyanyua uso kutoka kwenye chetezo.

"Hebu sogea."

Nikasogea. Akaushika upindo wa buibui langu, akauweka puani.

"Udi huu wa Malindi," alisema. "Umetiwa ambari nyingi mno. Mwenye nyumba ana pesa, hana kipimo. Buibui lako liko wapi?"

"Tumebadilishana kwa bahati mbaya, shangazi. Darasani."

"Darasani."

"Naam."

"Kwani kutaipu mnavua nguo?"

Nilisema kuna joto. Akanitazama magoti, ambayo yalikuwa yamechubuka yote mawili.

"Na taipu yenyewe mnaipiga kwa magoti?"

Nilisema kiti kilivunjika. Alirudi kwenye chetezo chake, akanipa chakula, wala hakuuliza tena. Nililala nikijisifu kwa ufundi wangu wa kusema uongo. Mjinga mkubwa mimi.

Mazoezi yaliyofuata, tulipopumzika, tulimwona bibi mmoja amekaa kwenye jiwe karibu na rundo la mabuibui. Alikuwa amejifunika uso, mikono ameificha ndani, miguuni makubadhi makubwa ya kuburuta. Alinuka samaki wa kukausha, ng'onda hasa, kiasi kwamba upepo ukigeuka tunacheza upande wa pili. Wanawake wengi walikuja kututazama, tukaona huyu ni mmoja wao. Lakini alikuja tena siku ya pili, na ya tatu, na kila mazoezi na kila mechi. Hakusema neno. Ukimwambia shikamoo anainua mkono kidogo, basi. Tukampa jina, Bi Ng'onda, na bila shaka alilisikia, maana hatukulisema polepole.

Bi Ng'onda akalichukua rundo likawa lake. Tukifika alipokea mabuibui, akayakunja, akayapanga kwenye mkeka. Tukimaliza, yeye alimpa kila mmoja la kwake. Alilisogeza buibui kwenye kitambaa cha uso, akanusa mara moja, akanyoosha mkono kwa mwenyewe. Hakukosea hata siku moja. Kumi na mawili! Tulistaajabu, tukasema pua ya bibi huyu ni kipaji, licha ya harufu yote ile aliyoivaa. Kichwa changu kilipita hapo hapo kila siku, wala hakikusimama. Mtaniuliza vipi. Nilikuwa natazama mpira.

Mimi nilimwamini mpaka na vipuli vyangu. Shangazi alinipa vipuli vya dhahabu nilipomaliza skuli, akaniapisha nisivivue. Lakini refa hakubali vipuli. Basi nilivivua, nikavitia kwenye kiganja cha Bi Ng'onda, nikimnong'oneza, "Nshikie, bibi, vya shangazi yangu hivi, vikipotea ataniua." Alivifunga kwenye pindo la mtandio. Nilimwona mabega yanatikisika, nikadhani ni kikohozi.

Kulikuwa na mchezaji wa timu ya ofisi moja ya jirani, mwanamke mrefu, mwepesi, ambaye sikumweza. Nikaruka anaruka zaidi. Nikazunguka ananingoja huko huko. Makame alimwekea kokwa mbili za ukwaju peke yake. Siku moja nikiwa nimechoka kabisa nilimnong'oneza, "Dada, yule mtu anaondoka na buibui lako." Akageuza shingo kutazama rundo. Nikamnyang'anya mpira nikaenda kufunga. Ulinifaa mchezo ule kwa msimu mzima, kwa kila mtu mara moja moja, kwa sababu hakuna mwanamke wa mjini atakayesikia buibui lake linaibiwa na asigeuke. Msiige. Au igeni, lakini msiseme nimewafundisha mimi.

Wakati huo huo nyumbani kukawa na mambo. Nilianza kugundua kwamba shangazi, ambaye alasiri hakuwa akitoka, sasa anatoka. Nikirudi nakuta ndio kwanza ametoka kuoga, amejisugua liwa ya kunukia mwili mzima, chetezo kinafuka moshi utadhani kuna harusi. Sabuni ilikuwa haikai. Na siku zenyewe zilikuwa tatu kwa wiki. Nilimwambia Rukia.

"Shangazi yako kapata mchumba," Rukia alisema bila kufikiri.

"Wee! Ana miaka hamsini na ushei."

"Kwani wa hamsini hawaogi? Mtu anajisugua liwa siku tatu kwa wiki kwa ajili ya nani, kwa ajili ya paka?"

Nikakubali. Nilimchunguza shangazi kwa jicho la huruma, nikamnunulia hata marashi, nikamwambia kwamba mimi ni mtu mzima sasa na lolote atakaloamua nitalifurahia. Aliyapokea marashi, akayanusa.

"Wewe mtoto," alisema, "Mungu kakupa urefu."

Tukaenda hivyo karibu miaka miwili. Tukaanza kushinda. Ndipo ukaja mwaliko wa kwenda kucheza Dar es Salaam, mechi mbili, siku tatu. Mkuu wa ofisi alifurahi mpaka akavua miwani, lakini akaweka masharti. Kila msichana alete idhini ya mzazi wake, mzazi mwenyewe aje aseme kwa mdomo. Na apatikane mwanamke mtu mzima wa kufuatana nasi na kulala nasi.

Kwangu mimi safari ilikuwa imekwisha. Kupata idhini maana yake ni kumwambia shangazi kwamba darasa la taipu halipo, halikuwepo, na kwamba miaka miwili nimemtazama machoni nikimdanganya. Nilipanda ngazi zetu siku nne mfululizo nimejiandaa kusema, na siku nne nikala chakula nikanyamaza. Kila nikimtazama anakunja udi kwenye karatasi kwa vidole vyake, naishia kuomba maji. Siku ya tano nilimfuata Makame kabla ya mazoezi, Bi Ng'onda akiwa pale karibu anapanga mabuibui, nikamwambia ampe nafasi yangu mwengine.

"Kwa nini?"

"Nyumbani hawajui, Mwalimu. Na wakijua ntakosa radhi. Mpira ntaukosa safari hii, shangazi siwezi kumkosa."

Nililia, sikatai. Makame, ambaye amepita dhoruba za bahari tatu, hakujua aweke wapi mikono yake. Akageukia jambo jengine, kama wanaume wafanyavyo.

"Haya, tutaona. Na la mtu mzima wa kutusindikiza je? Mimi naona bibi huyu anatosha. Rukia, mwombe bibi yako."

"Bibi yangu?" Rukia akashangaa. "Bibi yangu yuko Jang'ombe, hajatoka nje tangu mwaka juzi. Huyu si mama yako, Mwalimu?"

"Mama yangu nlimzika zamani! Sasa mimi muda wote huu nnaogopa kukukemea mbele ya bibi yako, kumbe si wako? Basi ni wa nani?"

Tukatazamana. Mmoja alisema alidhani ni wa mwenzake, mwenzake akasema alidhani ni wa refa. Timu nzima ilikuwa imempa mabuibui yake, vipuli vyake na saa zake mtu ambaye hakuna anayemjua. Bi Ng'onda alimaliza kukunja buibui aliloshika, akaliweka juu ya mengine, akajishika magoti, akasimama.

"Wangu ni huyo mrefu," alisema. "Namba saba. Huyo anayelia, ambaye mkono wake wa kushoto haujui kazi."

Sauti ile niliijua kabla hajafunua uso. Nikakaa kwenye sementi. Akafunua. Alikuwa Bi Kazija, shangazi yangu, mchanganya udi, ananuka ng'onda kutoka kichwani mpaka kwenye makubadhi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hapa uwanjani unaniamkia vizuri kweli. Nyumbani mpaka nikukumbushe."

"Shangazi, mbona hukunambia?"

"Wewe ulinambia?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Rukia, naye alijiziba mdomo kwa kiwiko. Shangazi alifungua pindo la mtandio, akatoa vipuli vyangu, akavitia kiganjani mwangu.

"Nlikwambia usivivue. Ukanikabidhi mimi mwenyewe. Siku ya mwanzo nlikufuata na ufagio ndani ya buibui, nikupige mbele za watu. Nkakukuta umeanguka. Ukainuka, ukaanguka tena, ukainuka tena unakimbia. Nkasema hebu amalize kwanza, ntampiga baadae. Mkawa hammalizi. Siku ya pili nkasema ntampiga leo, nkakukuteni mnafungwa, nkaona haya kukuongezea. Siku ya tatu ukafunga wewe. Ufagio nkauacha nyumbani."

"Na buibui hili?"

"La Bi Mosi."

Bi Mosi alikuwa jirani yetu wa chini, muuza ng'onda sokoni Darajani.

"Ningekuja na udi wangu ungenijua sijafika hata kona. Nkaazima. Na ule uongo wako wa buibui kuibiwa nnausikia kila siku, si tabia njema. Haya, inuka, Mwalimu anangoja."

Wadogo zangu, nimefungwa, nimevunjwa kidole, nimeanguka mbele ya watu wazito. Sijapata kulia kama siku ile. Nilimfikiria mwanamke ambaye hakwenda kununua chumvi bila kujifukiza, miaka miwili anavaa harufu ile, anaketi kwenye jiwe, anaitwa Bi Ng'onda na watoto wadogo, halafu anakimbia nyumbani kujisugua ili mimi nisijue kwamba anajua. Na mimi nikamnunulia marashi nikimwozesha mume moyoni mwangu. Nilimkumbatia hapo hapo. Alisema nisimshike, nina jasho, kisha yeye ndiye hakuniachia.

Kwenda Dar es Salaam alikwenda, na alikwenda na buibui lile lile. Makame alimsihi kwa adabu abadilishe. Alikataa, akasema timu imeshinda chini ya harufu hiyo na yeye hataki lawama. Melini tulipata nafasi ya kulala tukajinyoosha, abiria wote walihamia upande wa pili. Na uwanjani kule tukakutana na pete ya kipimo halali. Tulidhani wamekosea. Ilikuwa kubwa! Rukia alinishika mkono akaniuliza kama na sisi tunaruhusiwa kufungia hiyo hiyo. Mechi ya kwanza tulifunga mpaka tukaona haya. Ya pili tulifungwa, maana wenyeji walishajua kwamba namba saba hatumii kushoto. Shangazi alinikabidhi buibui langu baada ya mechi, akanusa, akanipa, akasema neno moja tu: "Kushoto." Tuliporudi fundi aliambiwa afue pete nyengine.

Kwa miaka mitano baada ya hapo shangazi alikaa kwenye jiwe lake waziwazi, uso wazi. Bi Mosi alipewa buibui jipya, hili la zamani akaambiwa alisahau. Siku ambazo sikucheza vizuri, njia nzima ya kurudi Mkunazini nilisikia habari za mkono wa kushoto. Siku nilizocheza vizuri alizungumza habari za bei ya sukari.

Halafu ikaja mechi yangu ya mwisho, ambayo wengi wenu mlikuwepo. Mlisikia goti lilivyolia. Rukia alinibeba begani mpaka pembeni, nikakaa kwenye mkeka kati ya karafuu na kokwa, nikajua kwamba kazi yangu imekwisha. Niliogopa, nasema kweli. Kazi nyengine siijui, na taipu mnaijua habari yake. Mlipomaliza kucheza shangazi aliwapa mabuibui yenu mmoja mmoja. Rundo likaisha. Likabaki moja, la kwangu, lenye udi wa nyumba yetu. Akalinusa. Kisha akavua buibui la Bi Mosi, akalivaa langu, akajifunga, akajitazama.

"Limenikaa," alisema.

"Na mimi nivae nini, shangazi?"

Akaniwekea la ng'onda mapajani.

"Mimi ngazi zimenishinda, na pua inachoka. Mtu wa kukaa hapa anatakiwa. Wewe kukaa sasa unaweza."

"Shangazi," nikasema, "na kile kipigo changu?"

"Kipo. Nikikitaka ntakuja kukichukua." Akaniinamia kunifunga kamba ya buibui, kama alivyokuwa akinifunga nilipokuwa mdogo. "Radhi zangu unazo. Unazo tangu siku ile ya ufagio, basi tu ulikuwa na haraka, hukungoja kuambiwa."

Niliondoka nimemwegemea Rukia upande mmoja na shangazi upande wa pili. Paka wote wa Mkunazini walitufuata mpaka mlangoni.

Kwa hiyo daktari akinifungua bendeji nitakuja. Nitakaa kwenye jiwe, nitapokea mabuibui yenu, na vipuli vyenu nitavifunga kwenye pindo la mtandio. Udi wa nyumba zenu nimeshaanza kuujua, isipokuwa wewe wa Kikwajuni, punguza ambari. Mkiniamkia nitainua mkono tu. Msidhani silioni mnaloficha, na mwenye darasa la taipu nyumbani kwao namjua kwa magoti. Na akitokea mgeni akauliza bibi yule anayenuka ng'onda ni wa nani, safari hii msitazamane. Mwambieni ni wenu.